Upande wa Miguu

Kifuniko cha sufuria kiligonga ukuta, kidogo tu, na Falone akafumbua macho. Nje bado giza. Nyanya yake, Libérata, alikuwa amepiga magoti kando ya moto, mkono wa nguo umekunjwa, kiwiko ndani ya maziwa.

"Koko, yamefika?"

"Sijue tena, mutoto wangu. Ngozi yangu imezeeka, haisikie moto."

Kwa miaka arobaini kiwiko hicho ndicho kilichopima maziwa ya jibini pale Kirolirwe. Lakini mwezi huu jibini tatu zilikuwa zimegeuka mpira. Ikiharibika moja tena, Libérata alikuwa amesema, atampa jirani sufuria na kuacha kazi hiyo.

Falone alifunga mfuko wake polepole. Ndani kulikuwa na chipu ya miguu minane aliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Kwa chipu hiyo alitaka kutengeneza bodi ndogo ya umeme itakayowasha taa ya kijani maziwa yakifika joto lake.

Shuleni alikuwa mgeni katika timu ya elektroniki, wiki ya tatu tu. Redio alizijua tangu utoto; programu ya kuchora bodi hakuijua hata kidogo. Siku za kwanza kila mstari aliouvuta ulitoroka kwenye kioo. Hilaire, mkubwa wa timu, alikuwa akimfundisha huku mikono yake iko mfukoni, ili asije akamnyang'anya kazi.

Programu haikuwa na picha ya chipu ile ya zamani. Falone aliichora mwenyewe, mguu kwa mguu, kisha asubuhi hiyo akaomba orodinateri, kompyuta yake, iukague mchoro. Ikaandika: makosa sifuri.

"Sifuri?" Shema, mwenzao wa timu, alicheka. "Dada, uliipatia fromaji ya Koko ao nini?"

"Kwanza karatasi," Hilaire akasema. Ndiyo ilikuwa desturi ya timu. Mchoro ulitolewa kwenye karatasi kwa kipimo chake cha kweli, ukagundishwa kwenye katoni ya sabuni, na kila mtu akachomeka vipande vyake kwa mkono.

Miguu minane iliingia vizuri. Falone akatabasamu. Kisha akaona kile kidoa mgongoni mwa chipu, kinachoonyesha mguu wa kwanza. Kilikuwa kushoto. Kwenye karatasi, namba moja aliyoiandika ilikuwa kulia.

Masikio yakamwaka. Hakuna mwingine aliyeona. Baada ya nusu saa michoro yote ingetumwa Goma ikatengenezwe bodi, na itakayofuata ingengoja miezi mitatu.

"Kaka Hilaire. Nimeichora kinyume."

"Kinyume namna gani?"

"Mu redio naangaliaka bodi kwa tumbo, fasi ya kulehemu. Njo vile nilihesabu miguu. Programu yenyewe inaangalia kwa mugongo. Umeme utaingia mu muguu ya bure."

Hilaire aliinamia katoni, akalinganisha kidoa na namba. "Mimi sikuona," akasema. "Ningeituma vile." Akachomoa waya wa orodinateri yake, akachomeka ya Falone, maana mvua ilikuwa imewaachia umeme kidogo wa jua. Shema, aliyekuwa akicheka, akaishika chipu mbele ya macho yake, mgongo juu, akihesabu kwa sauti: "Moja. Mbili. Pole pole, dada. Tatu."

Kila mstari uliohamishwa ulikutana na mwingine. Falone aliufuta, akauzungusha pembeni, jinsi ng'ombe wanavyozungushwa shamba la mtu. Saa sita kasoro dakika tano, mchoro uliondoka.

Jioni wote watatu walifika kwa Libérata kuangalia mahali bodi itakapokaa. Aliipokea katoni kwa mikono miwili.

"Haiwake?"

"Bado, Koko. Hii iko karatasi tu. Ya kweli itatoka Goma."

"Programu ilisema iko muzuri," Hilaire akaongeza. "Ni yeye aliona kosa. Akasema."

Libérata alikata ile jibini ya mpira, wakatafuna, wakatafuna. "Iko tamu, Koko," Shema akasema, mdomo umejaa, na kikongwe akacheka hadi akashika ubavu.

Akaitundika katoni kwenye msumari juu ya moto.

"Sufuria haiende kwa jirani kwanza," akasema.

Akawasindikiza hadi kwenye ua, mkono wa nguo bado umekunjwa.

"Murudie," akawaambia. "Hata kama ile ya kweli inakawia. Murudie tu."