Ijumaa Tatu za Mawimbi ya Kati

Watu wa mtaa ule walisema fundi wao wa redio alikuwa na kasoro mbili: hajui kucheka, na hajui kumdanganya mteja. Ukimpelekea redio iliyokwisha, anaifungua, anainusa, kisha anakwambia, "Hii kazikeni." Ukitaka kununua mpya, anakuuliza kwanza unasikiliza nini, wapi, na saa ngapi, kama daktari anayeuliza unaumwa tangu lini. Ndiyo maana neno lake juu ya redio halikupingwa na mtu. Katika miaka yake yote ya kazi alimdanganya mtu mmoja tu dukani mle, na mtu huyo ndiye aliyemzaa.

Chanzo kilikuwa dada yake. Alimzidi miaka minne, na ndiye aliyerithi sikio la baba yao, maana baba naye alikuwa fundi. Binti yule aliweza kutambua kituo kwa kusikia mkoromo wake tu, kabla mtangazaji hajafungua kinywa. Baba alimsifu mbele ya wageni, na mdogo wake, ambaye ndiye aliyeshika bisibisi kutwa nzima, alimeza sifa zile kama mtu anayemeza dawa chungu. Baadaye dada akaenda kusoma nchi ya mbali. Baba akaugua, akafa, telegramu ikachelewa, na dada akafika siku nne baada ya maziko, begi mkononi, macho yamevimba. Mdogo wake alimkuta mlangoni.

"Waliokuja kuzika wameshaondoka," alimwambia. "Wewe umefuata nini?"

Dada alimpita akaingia ndani. Alilala usiku mmoja chumbani kwa mama, asubuhi akaondoka.

Mwaka uliofuata ikaja barua. Dada amepata kazi redioni huko huko aliko, anaendesha kipindi cha Kiswahili kila Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye mawimbi ya kati. Aliandika na namba ya kituo, akapigia mstari mara mbili. Mama hakujua kusoma, lakini barua ile aliikunja akaitia kifuani, akaenda nayo dukani.

"Baba," alimwambia mwanawe, maana ndivyo alivyomwita alipokuwa na furaha, "nichagulie redio. Nataka nimsikie dada yako."

Fundi aliangalia rafu. Redio ilikuwapo. Nyeusi, nzito, yenye sura mbaya, na ndani yake umelala ufito mweusi wa feraiti mrefu kama shubiri, uliozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Ufito ule ndio sikio la mawimbi ya kati. Ukiwa mrefu redio inasikia mbali, ukiwa mfupi inasikia jirani tu. Alilijua hilo kabla hajaota ndevu. Jua likizama mawimbi yale husafiri mamia ya maili, na redio ile nyeusi ingemleta dada yao hadi kwenye mkeka wa mama kama aliyekaa chumba cha pili.

Akaigeuza ikatazama ukuta. Akashusha nyingine, ya rangi ya fedha, yenye spika mbili na vitaa vyekundu vinavyorukaruka kwa kufuata muziki. Ufito wake ulikuwa kama kipande cha penseli kilichobaki mwisho wa muhula.

"Hii ndiyo nzuri, mama."

Mama alivitazama vile vitaa. "Hii ni redio au disko?"

"Ndiyo za kisasa."

Jioni ya Ijumaa ile alikwenda mwenyewe kumwonyesha. Akavuta antena ya bati hadi mwisho, akaielekeza dirishani, akaizungusha huku na huku kwa uso wa mtu anayejitahidi. Alijua vizuri kwamba antena ile kwa mawimbi ya kati haina kazi yoyote, ni sawa na kumpungia mkono kipofu. Redio ikakoroma. Taa ya mrija iliyowaka juu yao ikaongeza mlio wake, naye hakuizima.

"Ni mbali mno, mama," alisema. "Mawimbi yanachoka njiani."

"Hakuna redio yoyote inayoweza?"

"Hakuna."

Mama akaamini. Nani angezijua redio kumpita mwanawe?

Ikapita miaka sita. Fundi alioa, akapata watoto, akapanua duka. Kuhusu dada yake hakuuliza, na namba ile ya kituo hakuigusa, hata akiwa anajaribu redio za watu aliirusha sindano juu yake kama mtu anayeruka dimbwi. Barua zilikuja, halafu zikawa chache, halafu zikakoma. Naye hakuuliza kwa nini.

Siku moja alasiri akaingia dereva wa lori la safari ndefu, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, waliyemwita Bwana Tairi.

"Fundi, nataka redio ya kusikia mbali. Nalala porini, huko FM haifiki. Nataka sauti ya mtu, si mkoromo."

Hapo fundi akawa kwenye maji yake. Akampangia redio nne juu ya meza. Hii ina sauti tamu lakini vituo vinapandana. Hii inakula betri kama mlevi. Hii ni nzuri, lakini kitufe chake kimelegea, barabara mbovu zitakihamisha. "Chukua hii," akasema mwisho, akaweka mkono juu ya moja nyeusi, nzito. "Usihangaike na antena. Igeuze redio yenyewe, polepole, mpaka sauti isimame. Na tumia betri, umeme wa nyumbani una kelele zake."

"Tuijaribu kwanza. Leo Ijumaa, kuna kipindi changu."

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala. Dereva akakaa kwenye kizingiti, redio mapajani, akasogeza sindano, na kabla fundi hajapata la kusema, sauti ya dada yake ikaingia dukani. Ilikuwa nzito kidogo kuliko alivyoikumbuka. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, ndivyo sauti za mbali zinavyopumua. Alikuwa anasoma salamu za wasikilizaji, anatania wengine, anacheka.

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Huyu dada namsikiliza mwaka wa tatu sasa," alisema dereva, "kwenye redio ya mwenzangu. Ngoja mwisho. Kila Ijumaa anamalizia na mama yake."

Wakangoja. Saa moja kasoro dakika moja sauti ikapungua mwendo. "Na mwisho kabisa, kama kawaida, salamu zangu mwenyewe. Mama, shikamoo. Mwanao ni mzima. Kama unanisikia, lala salama. Na kama hunisikii, lala salama vile vile."

"Unaona?" Dereva alitikisa kichwa. "Mimi nadhani mama mwenyewe alishakufa. Mtu gani anasalimiwa miaka yote hiyo hajibu?"

Fundi alimfungia redio kwenye boksi, akakosea kuweka betri mara mbili.

Hakulala vizuri. Asubuhi yake alifunga duka, akaenda kwenye soko la mitumba ya vyombo, maana ile aliyouza ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kulikuwa na muuzaji mmoja aliyerundika redio kama viazi. Fundi alichutama akaziwasha moja moja, akaweka sindano mahali pasipo na kituo, akasikiliza mkoromo wenyewe. Redio kiziwi hunyamaza; yenye sikio huvuma kama kombe la baharini. Alifungua migongo ya kumi na moja. Muuzaji akamwambia, "Ndugu yangu, unanunua redio au unampima mchumba?" Fundi hakucheka. Alichagua moja iliyopasuka kona, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, haina hata kifuniko cha betri. Alikaa nayo siku tano mezani, akasafisha vitufe, akabadilisha waya, akaupanga ufito wake upya mpaka vituo vya mbali vikaja hata kabla ya jua kuzama.

Ijumaa akaenda kwa mama. Akazima taa ya mrija, akawasha kibatari, akaketi mkekani.

"Hilo gofu la nini?" mama aliuliza.

"Sikiliza kwanza."

Akaigeuza redio taratibu, kama mtu anayegeuza mtoto aliyelala. Sauti ikatokea, ikapotea, ikatokea, ikasimama. Mama aliinama mpaka sikio likakaribia kugusa spika. Baada ya muda akasema, "Ana mafua."

"Nani?"

"Mwanangu. Husikii? Ana mafua huyo."

Zilipofika salamu za mwisho, mama aliitikia "marahaba" kwa sauti, kama aliyesalimiwa mlangoni. Halafu akamshika mwanawe mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, baba. Umehangaika mpaka umeipata."

Afadhali angempiga kofi. Fundi alijiambia atasema kweli Ijumaa ijayo. Ijumaa ya pili mama alioga mapema, akavaa khanga mpya, akaitikia salamu yake, na fundi hakusema. Ijumaa ya tatu dada aliwaambia wasikilizaji kwamba anakabidhi kipaza sauti. Amepewa kazi ya ofisini, ya kufundisha watangazaji wapya. Aliwashukuru madereva, walinzi, wauguzi wa zamu. Mwisho akasema, "Mama, hii ndiyo salamu ya mwisho kwa njia hii. Nilisema kila wiki kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kukuthibitishia. Shikamoo."

Ukafuata muziki. Mama aliizima redio mwenyewe.

"Alisema kila wiki," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, nadhani."

"Miaka sita. Na redio za namna hii zimeanza kutengenezwa lini?"

Kibatari kilikuwa kinatoa moshi. Fundi alipunguza utambi ingawa haikuwa lazima. "Zilikuwapo, mama. Siku ile uliyokuja ilikuwapo rafuni. Niliigeuza isionekane. Nilikuwa na hasira naye."

Alitegemea machozi, au laana. Mama aliongea kwa sauti ndogo, kama anayejisimulia mwenyewe.

"Mwaka wa pili majirani waliniuliza, mbona mtangazaji wako hasikiki? Mimi nikafikiri, mwanangu wa kiume hawezi kukosea kwenye redio. Basi ni huyu wa kike anayenidanganya. Nikamwomba mshonaji wa pale aniandikie barua. Nikamwambia mwanangu, kama unafagia ofisi za watu, kufagia si aibu. Lakini usinidanganye kwamba unatangaza. Usiniandikie tena mpaka uniambie kweli."

Fundi hakuijua barua ile. Sasa akaelewa kwa nini zile nyingine zilikoma.

"Alinijibu kila Ijumaa," mama alisema. "Mimi nimekaa hapa natazama vitaa."

Usiku huo huo fundi alimwandikia dada yake kwa mkono wake mwenyewe, kurasa tatu, bila kujitetea. Alieleza ufito, antena, taa ya mrija, redio iliyotazama ukuta. Dada angeelewa kila kitu. Walifundishwa na mtu mmoja.

Jibu lilikuja kwa mama, si kwake. Miezi miwili baadaye dada mwenyewe akaja, mvi zimeanza kumchungulia, akapita moja kwa moja chumbani kwa mama. Walikaa humo toka asubuhi hadi adhuhuri. Mke wa fundi aliyewapelekea chai alisema aliwakuta wanacheka, na alipochukua vikombe aliwakuta wanalia, na chai haikunywewa.

Alasiri dada alikuja dukani. Mdogo wake alisimama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Alitazama rafu, akachukua redio moja, akaipima uzito mkononi kama baba yao alivyozoea, akairudisha. "Barua yako nimeisoma."

"Nisamehe, dada."

"Mama nimeshamsamehe. Yeye aliamini mtu aliyepaswa kuaminiwa." Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Ulisikiliza mara ngapi?"

"Nne. Moja hapa na dereva, tatu na mama."

"Nilikuwaje?"

Fundi aliweka bisibisi mezani. "Ulikuwa mzuri sana," alisema. "Baba angefunga duka akusikilize. Nipe kaseti zako, dada. Mama asikilize yote, toka mwanzo."

"Hakuna kaseti." Dada alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Tulikuwa tunatangaza moja kwa moja. Wakirekodi, wiki inayofuata wanafuta wanatumia tena. Kilichokwenda kimekwenda."

Wateja wawili waliingia. Fundi aliwahudumia haraka haraka, na alipogeuka dada yake alikuwa amesimama mlangoni anatazama barabara. Alikaa kwa mama wiki nzima. Kwa mdogo wake alikuwa mpole, alimuuliza habari za watoto, alimshukuru kwa chakula, kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji. Siku ya kuondoka fundi alimbebea begi hadi kituoni, wakapeana mikono, na dada akasema ataandika.

Ameandika. Kila mwezi huja barua ya mama, ndefu, na mkwewe humsomea mara mbili. Mwishoni huwa kuna mstari mmoja: *Msalimie fundi.* Fundi huuomba mstari ule ausome mwenyewe, kisha hurudi dukani, na mteja akiingia kutaka redio humuuliza kwanza anataka kumsikia nani.