Simu Iliyokufa Spika

Mpiga pasi alikuwa na binti mmoja wa miaka saba, asiyesikia hata radi. Marehemu baba yake alimpachika jina la Chiriku akiwa bado mchanga, kabla hawajajua, na jina likamganda. Shuleni walikataa kumpokea. Mwalimu mkuu alisema mtoto hafundishiki, basi. Neno hilo lilimkwama mama kooni kama mwiba wa samaki, na kibaya zaidi, siku nyingine alianza kuliamini.

Siku moja fundi simu alikuja kuchukua suruali zake, akalalamika kama kawaida yake.

“Dada, kuna simu pale kibandani imenishinda kuuza. Kila kitu kizima, ila spika imekufa fofofo.”

Mama akacheka hadi akaishika meza. “Kaka, na huyu wangu spika ya nini?”

Fundi akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kesho yake aliileta, amejaza ndani masomo ya lugha ya alama yanayotolewa bure na walimu wa viziwi. Hayakuhitaji hata bando la intaneti.

Chiriku akakodoa macho. Kwenye kioo, mwanamke alionyesha moto, kisha mikono yake ikausema. Mtoto akageukia pasi ya mkaa. Akaitazama, akatazama kioo, halafu mikono yake midogo ikasema: moto. Mama alisahau pasi juu ya shati la watu, kola ikaungua, na wala hakujali.

Tangu hapo wakawa wanajifunza pamoja kila alasiri, mama akiwa mzito wa vidole na mtoto akimcheka waziwazi.

Ndipo siku moja Chiriku akamvuta gauni. Akafanya ishara ya baba. Kisha akafungua viganja: wapi?

 Miaka mitatu tangu mazishi! Kumbe muda wote huo mtoto alikuwa na swali lake kifuani, na halikuwa na pa kutokea. Mama alilia, lakini mwili wote ulimsisimka kwa ajabu aliyoiona. Huyu ndiye asiyefundishika?

Ishara ya kufa hakuijua. Akaiweka pasi kando, akaketi sakafuni na mwanawe, wakaanza kuitafuta kwenye ile simu.