Fundi wa Ndege ya Doornfontein

Gustave alivaa ovaroli yake safi, akabeba sanduku la spana, akaenda Doornfontein kuomba kazi aliyoililia miaka yote tangu aje Johannesburg.

"Pale karakanani kwetu wanatafuta fundi wa ndege," Bakiri alikuwa amemwambia. "Njoo na vyombo vyako, mzee." Bakiri ni wa Tanga, analinda geti la karakana hiyo. Kiingereza kinamtoka kama maji. Cha Gustave ni cha salamu tu. Basi Bakiri ndiye mkalimani. Jamani, ukimpa mtu ulimi wako, utaurudishaje?

Ndege ilikuwa uani, imewekwa juu ya magogo. Gustave alipoiona machozi yalimtoka. Miaka tisa alihudumia ya namna hiyo kule Lubumbashi, kabla hajaja huku kutengeneza cherehani za watu. Bosi wa karakana akauliza habari zake kupitia kwa Bakiri, naye Gustave akajibu huku akiipapasa.

"Hii ni ya zile za kwanza, za miaka ya sitini. Mabawa waliyatoa kwa ndege ya vita ya Uswisi. Iko na injini mbili mkiani, na matangi ya mafuta kwenye ncha za mabawa. Ndani hakuna wa kusimama wima, hata waziri anainama! Inapanda mbio, lakini kelele zake! Na rubani akizubaa, inamuua."

Bakiri akatafsiri kwa mbwembwe. Bosi akacheka, macho yote kwa Bakiri. Mwisho akampa mkono, Bakiri huyohuyo.

"Anasema nini, petit, mdogo wangu?"

"Kazi nimepata mimi." Hata haya hakuona, mshenzi yule. "Huku wakisema 'fundi' ni mjuzi wa jambo, mzee, si mtu wa spana. Wanataka wa kuwaeleza wageni wanaokuja kuitazama. Ndege hii hairuki tena."

"Ulijua, na ukaniambia nije na vyombo!"

"Ungevaa suti, angekutazama wewe."

Bosi akaonyesha injini, akasema neno.

"Anauliza kama unaweza kuzifungua. Ijumaa zinauzwa chuma chakavu. Ukikataa, watazikata kwa moto."

Kwa moto! Gustave akapanda ngazi, akaanza kulegeza nati ya kwanza, roho ikimuuma.

"Mzee," Bakiri akaita kutoka chini, "hizo zilikuwa zinawashwaje? Wageni watauliza."

Gustave alitaka kumdanganya, aaibike mbele za watu. Lakini kuisingizia ndege hakuweza. Akamweleza yote, hatua kwa hatua, na pale Bakiri alipokosea kurudia akamrekebisha.