Herufi Kumi na Sita

Mashine ya breli, ile ya kuchapa maandishi ya nukta ya wasioona, iligonga kidogo, ikanyamaza. Mara ya ishirini hiyo, au ya thelathini. Nilikuwa nimeshaacha kuhesabu.

"Imekufa?" aliuliza mjomba.

"Haijafa. Inanitania."

Mjomba wangu ni mwalimu, na haoni tangu utotoni. Wanafunzi wake wanane, wasioona kama yeye, walikuwa na mtihani wa mwisho kesho yake asubuhi. Maswali yalikuwa tayari ndani ya kompyuta yake ya mapajani, ya zamani, inayoendesha Unix, mfumo wa enzi zile. Yeye huiita Bi Kizee na hataki kusikia habari za kuibadilisha. Gari la kuchukua karatasi lingefika saa kumi alasiri. Karatasi zisipotoka, wanane hao wangesomewa maswali na msimamizi, na mjomba alikuwa ameapa kwamba hilo halitatokea yeye akiwa hai.

Mimi ndiye fundi wa ukoo, na ubishi nimeurithi kwake. Nilibadilisha waya. Nilipunguza kasi. Nilipekua mafaili ya mipangilio moja baada ya jingine kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye blanketi. Nikaitukana mashine, nikamtukana aliyeiunda, nikataka kumgeukia na mjomba, adabu ikanizuia.

Yeye alikuwa ameketi, anapapasa karatasi nilizozitupa sakafuni.

"Mpwa wangu, hizi umeziangalia?"

"Za nini, Mjomba? Zimeharibika."

"Zimeharibika sawasawa. Hii ina herufi kumi na sita. Hii nayo kumi na sita. Hii pia. Hakuna hata moja yenye kumi na tano."

Nilikaa chini. Macho yangu mawili mazima hayakuwa yameliona hilo. Bi Kizee hupeleka herufi kumi na sita kwenye tundu la mashine, pale waya wake unapochomekwa, kisha hungoja tundu lipige hodi kuomba nyingine. Kumbe herufi zilikuwa zinafika. Hodi ndiyo haikusikika. Kila kifaa kina namba yake ya kupigia hodi. Viwili vikitumia namba moja, kimoja huitikiwa na kingine husimama mlangoni mpaka kiama.

Nikaitisha orodha ya namba. Tundu la mashine ya breli: nne. Kadi ya mtandao: nne.

Kadi hiyo sikuishuku hata kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoleta maswali asubuhi bila kigugumizi. Na namba ile niliiandika mimi, Jumapili, nilipomwekea mjomba kadi ambayo hakuiomba. Niliandika nne bila kuangalia kama ina mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mjomba, kosa ni langu."

"Nilijua ulipoacha kutukana. Haya, rekebisha."

Nikaipa kadi namba tatu, nikawasha upya. Bi Kizee akaganda katikati ya kuwaka. Tatu nayo ilikuwa na mwenyewe. Nikamzima, nikamwasha, kadi nikaipa kumi. Saa nane na dakika tano mashine ikagonga, ikapita herufi ya kumi na sita, ikamaliza mstari, ikamaliza ukurasa. Nilipiga kelele kama mwehu.

Saa kumi honi ikalia nje. Nakala saba zilikuwa zimefungwa. Ya nane mjomba alikuwa bado anaisoma kwa vidole, neno kwa neno, kama alivyosoma zile saba.

"Mjomba, ni ile ile. Zote zimetoka sawa."

"Naisoma."

Honi tena. Kisha dereva akachungulia mlangoni. "Mwalimu, tunachelewa."

"Keti, baba," mjomba alimwambia, na vidole havikusimama. "Mimi mtihani wangu wa mwisho nilisomewa. Aliyenisomea alikuwa na haraka zake, akaruka swali zima. Nilikuja kuambiwa baada ya matokeo. Nilifeli kwa alama mbili."

Dereva alitoka, akazima injini, akarudi kuketi.