Milango Niliyopita na Jina la Nadra

"Wali wako urudishe kwako," Bi Saadiya aliniambia, bega lake likiuzuia mlango. "Ulimla mwanangu akiwa hai, leo waniletea sahani?"

Nikamjibu kwamba jirani hafukuzwi matangani, na kwamba si mimi niliyemuua Nadra. Akasema kweli, sikumuua, nilimfungia ndani tu. Hapo nikageuka na sahani yangu mkononi.

Mimi Ummu kazi yangu kualika. Mtaa wetu hapa Amu ukiwa na harusi, hutumwa mimi niingie nyumba baada ya nyumba, ninywe kahawa, nitaje siku na saa. Na kahawa hainyweki mdomo umefungwa. Nilipoalika harusi ya Nadra, nilikuwa nimemuona ameshika ukuta, kizunguzungu kimempata. Basi kila nilipoketi nikasema harusi hiyo iharakishwe, huenda mtoto yuko njiani. Tukacheka. Maneno yakamfikia mamake.

Tangu hapo Bi Saadiya hakumtoa nje. Kifua kikimbana, mkono wa kushoto ukimchoka kwa kuanika kanga mbili tu, alikandwa mafuta chumbani. Kumpeleka kliniki kungekuwa kuyapa maneno yangu miguu. Siku alipoanguka, muuguzi Mueni aliutafuta mpigo wa damu kwenye mkono ule asiupate, na Nadra bado akizungumza naye. Hakufika jioni. Daktari alieleza kuwa kuta za mishipa yake mikubwa zilikuwa zimevimba kwa miezi, mpaka mshipa unaolisha moyo ukaziba. Miaka ishirini na miwili. Mueni alituambia zipo dawa za kuutuliza uvimbe huo, ukigunduliwa mapema.

Wali niliurudisha. Nikavaa buibui, nikaanza mlango wa kwanza, kwa mpango uleule wa kualika. Waliniuliza ni harusi ya nani.

"Nimekuja kuondoa neno nililoliacha hapa," nikasema. "Nadra hakuwa na mimba. Alikuwa mgonjwa, nami nilimzulia."

Wengine walinikaribisha kahawa, sikuketi. Mmoja alinifungia mlango usoni. Nilipofika kwa Bi Saadiya, hitima imeshasomwa, nikayarudia maneno yaleyale, neno kwa neno. Akatazama vumbi la miguu yangu. Akasema habari zimemfikia kabla yangu, kama mara ile.

"Sijakusamehe, Ummu."

Kisha akaliondoa bega mlangoni.

"Lakini tangu asubuhi hujatia kitu tumboni. Ingia, tule."