Saa Moja ya Jumanne

Mdadisi wa utafiti wa ajira alikaa kwenye kigoda, kishikwambi mapajani, akamuuliza Peniel: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja?"

"Sina kazi, dada. Mwaka wa nne huu tangu nimalize chuo."

"Hata saa moja tu?"

Peniel akakumbuka, akamsimulia. Siku ya Jumanne mzee Leonidas aliwaalika majirani wamsaidie kupura mtama, na kama ilivyo desturi hapa Ilongero, kila aliyepura alipewa pombe. Yeye ni mlokole; kata yake ya pombe alimsogezea mwenzake.

"Hayo ni malipo," mdadisi alisema.

"Sikuinywa hata tone."

"Lakini ulipewa. Hiki kishikwambi hakiulizi kama uliinywa." Akabonyeza. "Basi wewe una kazi."

Miaka ile ya mwanzo Peniel angebisha mpaka povu limtoke. Leo alitazama tu kile kidole kikiteleza kwenye kioo, kana kwamba kinamwandika mtu mwingine, wa kijiji kingine. Aliulizwa kama ana swali, akasema hana, akamsindikiza mgeni mpaka njiani kama alivyolelewa.

Aliporudi, mama yake alikuwa ametoka jikoni, mikono imejaa unga, macho yanang'aa.

"Nimemsikia akisema una kazi! Bwana asifiwe! Unaanza lini, mwanangu?"

Peniel akainama, akaokota kigoda.

"Nimeshaimaliza, mama. Ilikuwa Jumanne."