Kiti cha Mlangoni

Kiti cha Madam Jeruto kilikaa mlangoni, pale chumba cha walimu kinapopigwa na vumbi lote la barabara ya Bumula. Hakupangiwa na mtu. Alikihamisha mwenyewe Januari, siku Mwalimu Wakoli alipoletwa kuwa naibu wa mkuu wa shule. Wakoli ni ndugu wa baba mkwe wake, na kwa desturi ya Wabukusu huyo naye ni baba mkwe. Mke wa mwana hampi mkono, hali chakula mbele yake, wala hasemezani naye uso kwa uso. Jeruto, mzaliwa wa Kitale, aliolewa na mila hizo pamoja na Jotham, na hakutaka isemwe kuwa kwao hakufunzwa adabu. Akikaa mlangoni, mzee akiingia yeye hutoka.

Kazi ikiwalazimu kuzungumza, maneno yalipitia kwa Edinah, mwalimu wa Kiswahili.

"Mimi ni posta siku hizi," Edinah hutania. "Na hata stempu hamnipi, bana."

Lakini leo Edinah alikuwa Kitale na wasichana wa netiboli, na kikao kilikuwa juu ya Peris.

Peris wa kidato cha nne alijifungua, akarudi bwenini. Asubuhi hiyo maziwa yalimlowesha sare darasani, wenzake wakacheka, akatoka mbio. Mwalimu Wakoli akaamuru afungashe: akamlee mtoto, mtihani ataufanya mwakani. Sasa msichana alikuwa ameketi juu ya sanduku lake chini ya bendera, na walimu walimwona kupitia dirishani.

Mwakani. Jeruto alilijua neno hilo. Dada yake aliambiwa mwakani, na hadi leo anafulia watu nguo Kitale.

"Mwalimu wa darasa ndiye humsemea mwanafunzi," alisema Bi Mary Ann, mkuu wa shule. "Madam Jeruto?"

Kwa mazoea Jeruto alimtafuta Edinah. Akaona kiti kitupu. Akainamisha kichwa.

"Amenyamaza," Wakoli akamwambia mkuu. "Basi amekubali. Tuendelee."

Heshima ya Jeruto ndiyo iliyokuwa ikimfukuza mtoto wa watu. Akasimama.

"Baba, sijakubali."

Mwalimu Zachary akaacha kutafuna muhogo. Wakoli akainuka aondoke, kama mila inavyotaka, akafika katikati ya chumba, akasita. Mlango ni mmoja, na Jeruto alisimama papo hapo. Kupita ni kumgusa. Jeruto aliliona hilo wakati uleule mzee alipoliona. Angeweza kusogea. Hakusogea.

Mzee akageukia dirisha, akawapa mgongo.

Jeruto akausemesha mgongo huo. "Peris anahitaji mahali pa kukamua maziwa wakati wa mapumziko, penye mlango wa kufunga. Nyumba yangu iko hapo nyuma ya ua, ataitumia. Tukimrudisha nyumbani harudi tena, Baba. Nina dada ambaye hakurudi."

"Zachary," Wakoli akaliambia dirisha, "hebu muulize huyo, mtoto analelewa na nani?"

"Ati mtoto analelewa na nani?" Zachary akauliza, akibana kicheko.

"Na nyanya yake, huko Cheptais."

Zachary akageuka. "Anasema ati nyanya..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Mzee alimtazama sana yule msichana wa pale kwenye bendera. "Arudi darasani. Lakini mwambie haya hayajaisha. Nyumbani watayasikia kwangu kabla ya kuyasikia sokoni."

Jeruto akavuta kiti kando. Mzee akapita akiwa amekusanya koti lake lisimguse.

Jeruto akatoka kumwendea Peris. Hata hakuwa amefika kwenye bendera, simu ikatetemeka mfukoni. Jotham, mumewe, kutoka Kanduyi; bila shaka mzee alikwisha kumpigia. Jeruto hakujua angemwambia nini, wala kama Jumapili mama mkwe angempokea jikoni. Akaiacha itetemeke.

"Shika huku," akamwambia Peris, akiinua upande mmoja wa sanduku. "Tutapitia kwangu kwanza, ubadilishe blauzi."